Vespa inagoma kuwaka? Niambie kwanza inagoma saa ngapi

Mtu akinisukumia vespa mpaka kibandani kwangu, jasho linamtoka na mguu wa kulia unamuuma kwa kiki, neno lake la kwanza ni lile lile: "Fundi, kabureta hiyo." Wengine wameshaifungua wenyewe, wanakuja na skrubu mbili mfukoni. Mie siigusi. Nampa kiti, nampa maji ya kunywa, kisha namuuliza: inagoma lini? Inagoma alfajiri ikiwa baridi, au ukishuka Darajani ukanunua samaki ukarudi, injini bado ina moto? Inagoma baada ya mvua? Au inawaka vizuri, inakufikisha Amani, halafu inazima taratibu kama mtu aliyekosa pumzi?

Hayo ni maradhi manne, na kila moja lina dawa yake. Fundi asiyeuliza atabadilisha vifaa vitano kabla ya kukifikia kimoja kilichoharibika. Vifaa ni ghali, na wenye vespa wengi wao ni watu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Ndiyo maana nimeandika haya, ili ujue pa kuanzia kabla hujampa mtu pesa yako.

Ninayoyaeleza ni ya Vespa PX 125 na 150 za kiki, zilizoanza kutoka Italia mwishoni mwa miaka ya 1970, pamoja na ndugu zao LML za India. Hizo ndizo ninazozishika kila siku hapa Unguja. Skuta za otomatiki nitazigusa kidogo mwishoni.

Vifaa vyenyewe ni vichache: spana ya plagi ya 21, bisibisi bapa, kitambaa kikavu, kipande cha msasa laini, kipande cha mshipi mwembamba wa kuvulia samaki (utaona kazi yake), na plagi mpya moja ya akiba. Katika plagi uwe mwangalifu. PX 125 na 150 zinatumia plagi ya shingo fupi, NGK B6HS au B7HS, yenye nyuzi za milimita 12.7. Vespa 200 inatumia ya shingo ndefu, B7ES, nyuzi milimita 19. Muuza duka asiyejua atakwambia "zote za vespa hizo". Ya 200 ukiikaza kwenye 150 inaingia mpaka ndani na inaweza kugonga pistoni. Soma maandishi kwenye plagi kabla hujalipa.

Vespa ya muuguzi

Kuna dada mmoja muuguzi, anakaa Fuoni, anaingia zamu ya asubuhi. Kwa miezi vespa yake ilimtesa kila alfajiri: kiki ishirini, thelathini, sare nyeupe inachafuka, anafika kazini amechelewa na amechoka. Jioni akitoka kazini, kiki moja tu inawaka. Alishabadilishiwa plagi mara mbili na CDI (kile kisanduku cha umeme wa cheche) mara moja kabla ya kufika kwangu. Aliponieleza hivyo nikamwambia, "Dada, hii siwezi kuitibu mchana. Kesho nakuja kwako saa kumi na moja na nusu. Usiiguse mpaka nifike."

Nilifika, nikaikuta chini ya mwembe. Koki ya mafuta ilikuwa wazi, na imekaa wazi usiku kucha. Nilipofungua ubavu wa kulia tu, harufu ya petroli ikanipanda puani. Nikatoa plagi: imelowa chapachapa, tone linaning'inia kwenye ncha. Nikamwambia, "Haya, irudishe, iwashe kama unavyoiwasha kila siku, mie nakuangalia." Akavuta choki (kile kitasa cha kuongeza mafuta injini ikiwa baridi) mpaka mwisho, akapiga kiki, na kila kiki anavuta mafuta kwa mkono mpaka mwisho.

Maradhi yalikuwa mawili, moja la chuma na moja la mkono.

La chuma ni hili. Kabureta ya vespa imekaa juu ya tumbo la injini. Ndani yake mna floti (boya dogo) na sindano yenye ncha laini, inayopanda na kuziba mafuta bakuli likijaa. Ncha hiyo ikichakaa inakuwa na alama ya duara, kama kidole kilichovaa pete ya kubana, na haizibi tena sawasawa. Mchana huoni kitu kwa kuwa injini inayatumia mafuta. Usiku, koki ikiwa wazi, petroli inadondoka tone baada ya tone ndani ya injini. Asubuhi unavuta choki, yaani unamwongezea maji aliyekwishazama.

Kuthibitisha hakuna gharama. Funga koki unapolala. Asubuhi ifungue, ngoja kama dakika moja bakuli lijae, kisha piga kiki. Ikiwaka kwa kiki mbili tatu, badilisha sindano ya floti, na ujizoeshe kufunga koki kila unapoegesha. Kwenye vespa nyingi za zamani koki imeandikwa herufi za Kitaliano: A ni wazi, C ni imefungwa, R ni akiba. Nimewahi kuona kijana aliyeamini kuwa C ndiyo ya kuendea.

La mkono ni la watu wengi zaidi. Choki ya kabureta hii inavuta mafuta kupitia kinjia chake, na kinjia hicho kinapata mvuto pale tu mkono wa mafuta unapokuwa umefungwa kabisa. Ukivuta mafuta huku umevuta choki, mvuto unapotea na choki haifanyi kazi. Kwa hiyo injini ikiwa baridi: koki wazi, choki nje, mkono wa mafuta usiuguse hata kidogo, kiki ndefu kutoka juu mpaka chini. Ikishika, iache nusu dakika, rudisha choki. Ikiwa moto, choki usiiguse.

Na ikishalowa usiendelee kupiga kiki kwa hasira. Funga koki, rudisha choki, toa plagi, ichomeke kwenye kepu ya waya wake uilaze ikigusa chuma, mbali na tundu, weka kitambaa juu ya tundu, vuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga kiki kumi na tano. Utaona ukungu wa petroli unatoka, basi mwenye sigara akae mbali. Futa plagi, irudishe, washa bila choki na koki bado imefungwa. Ikishika ndiyo uifungue.

Dada yule alibadilishiwa sindano asubuhi ile ile, kifaa unachoweza kukificha chini ya kidole gumba. CDI ya zamani waliyomtolea ilikuwa nzima, na hakurudishiwa.

Plagi inasema, isome

Kama koki na mkono havina kosa, toa plagi uitazame kwenye mwanga. Iliyo nzima ina rangi ya ganda la mdalasini kavu kwenye kauri ya katikati. Nyeusi na imelowa: mafuta yanafika, ila hayaungui. Nyeusi na kavu kama masizi ya chungu: mafuta ni mengi kuliko hewa, au kichujio cha hewa kimeziba, au umezidisha oili. Nyeupe kama chokaa: mafuta hayatoshi, au kuna mahali hewa inaingia kwa wizi, na hiyo usiiendeshe mbali kwani pistoni itakwama. Kavu kabisa baada ya kiki ishirini: mafuta hayafiki, achana na umeme, nenda kwenye tangi.

Nafasi kati ya ncha mbili iwe milimita 0.6. Huna kipimo? Chukua ubapa wa msumeno wa chuma, tumia upande wa mgongo usio na meno. Unene wake ni karibu na hapo hapo. Upite ukiwa unagusagusa pande zote mbili, si kwa kulazimisha.

Kuhusu oili, wengi wanamimina kwa jicho. PX isiyo na pampu ya oili inataka asilimia 2: lita moja ya petroli kwa mililita 20 za oili ya 2T (ile ya kuchanganya na petroli), lita tano kwa mililita 100. Nunua bomba la sindano la duka la dawa, utapima sawasawa. Watu wanaogopa injini kukwama wakaongeza mara mbili, matokeo yake plagi inaziba kila wiki na ekzosi inajaa masizi mpaka moshi unakosa njia. Vespa ambayo ni ngumu kuwaka na pia imepoteza nguvu, mara nyingi ekzosi yake imeziba. Weka kiganja nyuma ya bomba wakati mwenzako anapiga kiki. Usiposikia pumzi zinazosukuma, vua ekzosi ujaribu bila hiyo.

Cheche

Chomeka plagi kwenye kepu yake, ilaze kwenye silinda chuma kwa chuma, mbali na tundu lake ili ule ukungu wa petroli usishike moto. Piga kiki. Fanya kivulini. Unataka cheche ya buluu inayolia "tak". Ikiwa ya rangi ya chungwa na nyembamba, ni dhaifu. Usipige kiki plagi ikiwa inaning'inia hewani bila kugusa chuma. Umeme ukikosa pa kwenda unaweza kuiua CDI, na ukikupitia wewe utaukumbuka.

Hakuna cheche? Weka plagi mpya kwanza. Bado? Fungua kepu kwa kuizungusha kutoka kwenye waya, kata nusu sentimita ya waya hadi uone shaba safi, irudishe kepu. Pwani hii ina chumvi. Nimekata nyaya za vespa za Jambiani na Paje nikakuta shaba imekuwa kijani, na mwenye vespa anaambiwa anunue koili.

Bado? Sasa tafuta waya wa kijani unaokwenda kwenye swichi ya kuzimia. Waya huo ukigusa bodi, injini inazima; ndiyo kazi yake. Lakini swichi ikiingia maji, au waya ukichubuka ndani ya bomba la usukani, unagusa bodi wakati wote na wewe unapiga kiki injini iliyozimwa. Uchomoe kwenye CDI, uache ule wa kijani unaotoka kwenye magineti (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme). Cheche ikirudi, CDI yako ni nzima, na umeokoa pesa nyingi kwa kuchomoa waya mmoja. (Kuzima, utafunga koki au utaachia klachi ukiwa kwenye gia ya nne na breki umeishika, mpaka utengeneze waya.)

Mwisho wa umeme ni nyaya za ndani ya magineti. Kwenye PX za zamani mpira wa nyaya hizo unakauka na kumeguka kama ganda la mkate mkavu. Unazikunja kidogo tu pale zinapotoka kwenye injini, mpira unadondoka, shaba tupu inaonekana. Mwenye mita apime pale kwenye CDI, nyaya zikiwa zimechomolewa: kati ya nyeupe na nyekundu ohm 110 hivi, kati ya nyeupe na kijani ohm 500 hivi. Ikisoma mbali na hapo, au namba inarukaruka ukizitikisa nyaya, magineti ivuliwe.

Vespa za zamani zaidi, za platini (ncha mbili za chuma zinazofunga na kukata umeme wa cheche), hazina CDI. Hizo safisha platini kwa msasa laini, nafasi yake iwe kati ya milimita 0.3 na 0.5, na ikitoa cheche kubwa pale kwenye platini zenyewe, badilisha kondensa.

Ikigoma ikiwa moto

Hii ndiyo inayowachosha watu, kwa sababu ukifika kwa fundi imeshapoa na inawaka. Unasafiri kutoka mjini mpaka Bububu bila shida, unazima, unasali, unatoka: haiwaki. Unakaa nusu saa kwa mwenye duka, inawaka kiki ya kwanza.

Kosa la kawaida ni choki iliyovutwa injini ikiwa moto. Kama siyo hiyo, mshuku pikapu, kile kikoili kidogo ndani ya magineti chenye waya mwekundu. Kikichakaa kinafanya kazi kikiwa baridi, kikipata moto kinakata. Siri ni moja: angalia cheche pale pale barabarani, wakati inagoma. Usingoje ipoe. Ndiyo maana plagi ya akiba na spana zikae kwenye sanduku la mbele kila siku. Ukikuta hakuna cheche ikiwa moto, na cheche iko ikiwa baridi, jawabu umeshalipata na fundi yeyote ataweza kuendelea kutoka hapo.

Ikiwaka kisha ikazima njiani

Ikizima taratibu baada ya kilomita mbili tatu, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia "fyuuu", tundu la hewa la kifuniko limeziba. Petroli ilikuwa inatoka na hewa haiingii. Safisha tundu. Kama si hivyo, vuta mpira wa mafuta kwenye kabureta, fungua koki, petroli ipokelewe kwenye chupa. Inatakiwa itiririke bila kukatika. Mpira uliokatwa mrefu kupita kiasi unajikunja tangi linaporudishwa mahali pake, huuoni mpaka ulitoe tangi.

Hiyo petroli ya kwenye chupa iangalie vizuri. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini kama ushanga mkubwa unaotembea ukiinamisha chupa. Vijijini tunanunua petroli ya chupa pembeni mwa njia, na si kila mwuzaji anajua chupa yake ilikuwa na nini jana. Ukiyaona maji, mwaga tangi lote. Kuongeza petroli mpya juu yake hakusaidii kitu.

Hapo ndipo, baada ya yote hayo, tunafika kwenye kabureta, na hata hivyo huhitaji kuivua. Fungua kifuniko cha kabureta, toa kichujio cha hewa, utaziona jeti mbili (vipande vya shaba vyenye tundu la kupimia mafuta) zenye vichwa vya bisibisi. Ndogo ni ya sailensa, yaani mngurumo wa polepole bila kuvuta mafuta, na ndiyo inayohusika na kuwaka. Kwenye PX 150 mara nyingi imeandikwa 48/160. Hiyo 48 ni tundu la milimita 0.48. Uchafu mdogo kuliko punje ya mchanga unaliziba. Itoe, ioshe kwa petroli, ipulize, itazame mbele ya jua. Ikibaki imeziba pitisha mshipi wa samaki wa milimita 0.40. Usitumie pini wala waya wa shaba. Shaba ya jeti ni laini, ukiipanua umeiharibu na hutaona kwa macho ulichokifanya. Na ile skrubu ya mchanganyiko kwa nyuma, kabla hujaigusa ikaze taratibu mpaka ifike huku unahesabu mizunguko, andika namba hiyo kwenye karatasi. Vespa ngapi nimezipokea zimezungushwa skrubu hiyo na watu watatu, na hakuna anayekumbuka ilikuwa wapi.

Baada ya mvua

Wakati wa masika mambo ni mepesi: kausha kepu, waya wa plagi na CDI kwa kitambaa, kisha washa. Ikigoma kila mvua, kepu imepasuka. Itazame gizani wakati mwenzako anapiga kiki, utaona vicheche vidogo vinatambaa juu yake. Ni kifaa cha bei ndogo, badilisha.

Pumzi

Cheche ipo, mafuta yapo, plagi mpya, bado. Toa plagi, ilaze ikigusa chuma kama tulivyofanya kwenye cheche, ziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Kidole kisukumwe kwa nguvu. Ukiweza kukizuia kwa raha, ringi zimekwisha au gasketi ya kichwa inavuja. Ikitoa moshi mzito mweupe na oili ya gia inapungua, sili ya upande wa klachi imekwisha na injini inakunywa oili ya gia. Ikiwaka na kupandisha mngurumo yenyewe bila kuvuta mafuta, sili ya upande wa magineti inaingiza hewa. Na ikikurudishia kiki mguuni kwa kishindo au inapiga ekzosi, kile kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinachoshika magineti pengine kimekatika, muda wa cheche umehama. Hizi ni kazi za kibandani, si za uani kwako.

Wenye skuta za otomatiki za kubonyeza swichi: hakikisha umeshika breki unapobonyeza, nyingi haziwaki bila hivyo, na nyingine hazitaki stendi ya pembeni ikiwa chini. Pima betri, iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi ikiwa imepumzika. Ikisoma chini ya 12, ichaji kabla ya kulaumu kitu kingine. Kama ina kiki, jaribu kiki: ikiwaka kwa kiki na si kwa swichi, tatizo ni betri au stata, injini haina kosa.

Ukishindwa na yote haya ukaamua kwenda kwa fundi, chukua ile plagi iliyokuwemo wakati injini inagoma, usiifute, ifunge kwenye karatasi uje nayo mfukoni.